Kilo zilizochelewa: kuunganisha mizani ya zamani kwa waifai hapa Mwanza

Ingia mapokezi ya kiwanda chochote cha samaki hapa Mwanza, au pita tu kwenye maghala ya dagaa kule Kirumba, hutakosa kuona mizani ya chuma cha pua yenye umri kuzidi simu zote zilizo mifukoni mwa wanaoizunguka. Nzima kabisa. Inapima, ina stika ya Wakala wa Vipimo, inaoshwa kwa maji ya klorini asubuhi na jioni miaka nenda rudi na haijawahi kugoma. Shida yake ni kwamba nyuma ya indiketa, yaani kile kisanduku kinachoonyesha namba, kuna tundu la pini tisa, na kompyuta iliyonunuliwa juzi ofisini haina pa kuchomeka plagi hiyo. Basi karani anasoma namba kwa macho na kuiandika kwenye daftari, mwingine analichukua daftari anaingiza kwenye kompyuta, na jioni wanabishana kama ile ilikuwa 1 au 7.

Mwenye mali akiulizia, ushauri wa kwanza anaopewa ni kununua mizani mpya yenye waifai. Anayeshauri hivyo mara nyingi ndiye anayeuza mizani. Mimi kazi yangu ni mizani na mitandao midogo ya ofisini, na msimamo wangu haujabadilika: mizani nzima haitupwi kwa sababu ya plagi. Kipo kisanduku kidogo cha kuenea kiganjani, upande mmoja kina tundu la siriali, lile la pini tisa, na upande mwingine kina antena. Kinapokea maneno ya mizani kwa waya mfupi, kinayarusha hewani hadi kwenye ruta, na kompyuta inayasoma kama vile mizani ipo mezani pake. Mafundi tunakiita kisanduku cha siriali, nami nitakiita hivyo.

Ninachotaka kukisema hapa ni kwamba kukifunga kisanduku hicho si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuhakikisha kilo inayosomeka kwenye skrini ni ya kreti iliyo juu ya mizani sasa hivi, si ya kreti iliyoshushwa dakika moja iliyopita.

Tuanze na waya wenyewe. Kiwango cha RS-232, ambacho ndiyo kanuni ya matundu hayo ya siriali, kilitolewa Marekani mwaka 1960, Tanganyika haijapata hata uhuru, na toleo la C, ambalo ndilo lililoenea, likafuata mwaka 1969. Toleo hilo lilitaja waya usiozidi mita 15 hivi. Ukishusha kasi unaweza kuvuka hapo, na watu wanavuka kila siku, lakini unavuka kwa hisani ya bahati. Kwenye kiwanda kimoja nilichofanyia kazi hii, mizani ipo kwenye jukwaa la kupokelea na ofisi ipo ghorofani, nyuma ya ukuta wa chumba cha baridi. Waya ulipita ukutani kwa urefu wa goti. Waya wa namna hiyo hapa kwetu una maadui watatu: kreti, panya na radi.

Kreti na panya kila mtu anawajua. Radi inahitaji maelezo kidogo. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi sana duniani, hasa usiku, upepo wa nchi kavu unapoelekea ziwani na kukutana juu ya maji yenye joto. Radi haihitaji kupiga kiwanda chako. Ikipiga jirani, ardhi ya upande wa jukwaa na ardhi ya upande wa ofisi haziwi na volti sawa kwa kitambo kidogo sana, na waya mrefu wa siriali unaoziunganisha ndio unakuwa njia ya hiyo tofauti. Asubuhi unakuta tundu la kompyuta limekufa na indiketa imekufa, hali vifaa vyote vya kulinda umeme mkuu vipo salama. Hii ndiyo sababu ya kweli ya kupenda waifai kwenye mizani. Urembo wa kutokuwa na waya unaoning'inia ni nyongeza tu.

Sasa, kabla hujagusa mambo ya mtandao, chukua multimita. Wengi huruka hatua hii, wakafunga kila kitu, kisha wakashinda siku nzima wakibadilisha mipangilio ya waifai kumbe mizani na kisanduku vyote vinasemea kwenye pini moja. Weka multimita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye pini ya 5, ncha nyekundu kwenye pini ya 2 kisha ya 3. Kwenye RS-232 biti ya 1 ni volti hasi, kati ya −3 na −15, na biti ya 0 ni volti chanya za kiasi hichohicho. Pini inayotuma, hata ikiwa kimya, hukaa kwenye hasi, kwa hiyo ukiona −5 au −9 au hata −11 umeipata. Pini inayopokea itasoma karibu na sifuri. Fanya hivyo kwenye mizani, rudia kwenye kisanduku. Vikiwa vyote vinatuma kwa pini ya 3, tengeneza waya unaopishanisha 2 na 3 na kuacha 5 kwa 5. Nyaya tatu, basi. Na usifungue kasha la indiketa lenye lakiri kutafuta njia ya mkato. Lakiri ikivunjika, mizani hairuhusiwi kufanyia biashara mpaka ihakikiwe upya.

Baada ya hapo ni kasi na mpangilio wa biti. Indiketa nyingi huja na baudi (biti kwa sekunde) 9600, nyingine 2400, na zote mbili ni za kutosha kabisa kwa mizani. Kwa 9600 kila herufi inakula biti 10, maana yake herufi 960 kwa sekunde. Sentensi ya mizani mara nyingi haifiki hata herufi 20. Ile niliyokuwa naishughulikia ilikuwa inatoa mstari wa namna hii:

ST,GS,+0048.60kg

ST maana yake uzito umetulia. Kreti ikiwa bado inatikisika inaandika US. GS ni uzito wote pamoja na kreti. Mwisho wa mstari kuna herufi mbili zisizoonekana, namba 13 na 10, ambazo ni za muhimu kuliko zinavyoonekana, tutazirudia.

Kuna dalili moja ambayo ukiijua itakuokolea muda. Ukiona baadhi ya tarakimu zinakuja vizuri na nyingine zinakuja kama vinyamkera, tazama ni zipi. Ikiwa 0, 3, 5, 6 na 9 ni salama, lakini 1, 2, 4, 7 na 8 zimeharibika (badala ya 1 unaona alama ya ±, badala ya 2 unaona ²), basi waya wako hauna tatizo, kasi yako haina tatizo. Mizani inatuma biti 7 na pariti shufwa (biti ya nane ya ukaguzi, inayofanya idadi ya biti za 1 igawanyike kwa mbili), wewe unasoma biti 8 bila pariti. Tarakimu za kundi la pili zina idadi witiri ya biti za 1, kwa hiyo biti ya pariti inawashwa, na kompyuta inaihesabu kuwa sehemu ya herufi. Badilisha upande mmoja ufanane na mwingine, yanakwisha. Nimeona mtu akibadilisha waya kwa tatizo hili, akabadilisha adapta, akaanza kuitazama mizani kwa jicho baya.

Kisanduku chenyewe nakipanga kwanza mezani kwa waya wa mtandao, si kwa waifai. Visanduku vya NPort vya Moxa, kwa mfano, hutoka kiwandani na anwani 192.168.127.254, kwa hiyo laptopu yangu naipa 192.168.127.10 kwa muda, nafungua kivinjari, naingia. Hapo unakipa jina la waifai ya ofisi na nenosiri lake, unaweka kasi na biti zilezile ulizozithibitisha, na unakipa anwani isiyobadilika. Hili la mwisho lisipuuzwe. Ruta ikigawa anwani kienyeji, siku umeme ukirudi kisanduku kinaweza kuamka na anwani nyingine na kompyuta ikaanza kukitafuta pasipo na mtu.

Kisha kuna swali la namna kompyuta itakavyokifikia. Programu ya zamani isiyojua kitu zaidi ya COM1 na COM2, majina ya matundu ya siriali ya kompyuta, inahitaji dereva (programu ndogo) inayotengeneza tundu la kubuni, Windows ikaliona kama COM5 hivi, na programu ikaridhika. Programu mpya, au inayoandikwa na kijana wa hapahapa, iunganishe moja kwa moja kwa TCP (kanuni ya kompyuta kupeana data mtandaoni) kwenye anwani na namba ya poti. Mimi napenda hii ya pili. Dereva nayo ni kitu cha kuharibika, hasa Windows inapojisasisha usiku.

Mama wa mapokezi alikuwa amesimama pembeni wakati wote huo, kapu la kalamu mkononi, ananitazama.

“Mwanangu, hicho kidude kinakula bando?”

“Hapana mama. Hakina laini, hakitoki nje ya geti. Kinaongea na ile ruta pale juu tu.”

“Kwa hiyo mtandao ukiwa chini tunapima?”

Hilo ndilo swali, na wakubwa zake hawakuwa wameliuliza. Jibu ni ndiyo: intaneti ikikatika mizani haijui, maana njia yake inaishia ndani ya jengo. Lakini ruta ikizimika, hupimi. Ndiyo maana ruta na kisanduku nimeviweka kwenye betri moja ya volti 12 yenye chaja yake. Vyote viwili vinakula umeme kidogo, na kukatika kwa umeme kwa muda hakuonekani tena kwenye mapokezi, isipokuwa feni zikinyamaza.

Kuhusu mahali pa kukitundika: usikifungie ndani ya sanduku la chuma halafu ushangae. Chuma kinazuia mawimbi. Tumia kasha la plastiki lisiloingiza maji, au toa antena nje. Mawimbi ya 2.4 GHz, ambayo visanduku vingi hutumia, yananyonywa na maji, na samaki ni maji, barafu ikiyeyuka ni maji, watu nao ni maji. Pima nguvu ya mawimbi gari la samaki likiwa limeegeshwa na jukwaa limejaa, usipime Jumapili mchana pakiwa patupu. Nikipata −65 dBm wakati wa msongamano naridhika (kadiri namba hii inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu). Ikishuka kupita −75 nahamisha ruta. Na kwa wale wa Bugando, Isamilo au mtaa wowote uliojengwa katikati ya majabali yetu: jiwe la Mwanza halipitishi waifai. Zunguka, au ongeza kirushio cha pili.

Sasa nifike kwenye kilo zilizochelewa.

Mizani nyingi zimepangwa kusema mfululizo. Hazisubiri kuulizwa, zinatema mstari mmoja baada ya mwingine, hata mara kumi kwa sekunde, mizani iwe na kitu au tupu. Kwenye waya mfupi jambo hili halina madhara. Waya ukikatika maneno yanapotea, yakiisha yameisha. Kwenye mtandao ni tofauti, kwa sababu TCP iliundwa isipoteze kitu. Mawimbi yakikatika, kisanduku kinayahifadhi maneno na kujaribu tena na tena, na mawimbi yakirudi kinayatoa yote kwa mpangilio wake. Kwa barua pepe hiyo ni sifa njema. Kwa mizani ni hatari.

Kabla sijakabidhi kazi nililifanyia jaribio hilo mbele ya meneja. Nikaweka jiwe la kilo 20 kwenye mizani, kisha nikachomoa umeme wa ruta. Nikaondoa jiwe. Indiketa ikarudi 0.00, kila mtu anaiona. Nikarudisha umeme wa ruta, tukasubiri iamke. Kwenye skrini ya ofisini ikatokea kilo 20.00, imeandikwa ST, imetulia, safi, haina doa. Mizani tupu. Meneja akachungulia dirishani kutazama jukwaa, akarudi kutazama skrini. Angekuwa karani amebonyeza kitufe wakati huo, mvuvi mmoja angelipwa samaki wa mwenzake, na hakuna daftari lolote ambalo lingeonyesha kosa lilipo.

Hata bila mawimbi kukatika, programu inayosoma mstari mmoja kila karani anapobonyeza inaweza kufanya vilevile. Mistari inajipanga kwenye kompyuta ikisubiri kusomwa, kama magari yalivyokuwa yakipanga foleni ya kivuko pale Kigongo kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025: anayepanda kwanza ni aliyefika asubuhi, si aliyefika sasa. Karani anabonyeza saa nne, anapewa kilo za saa nne kasoro.

Dawa yake ni kuiambia mizani inyamaze mpaka iulizwe. Karibu indiketa zote za biashara zina mpangilio huo kwenye menyu. Unazima kutuma mfululizo, unawasha kujibu ombi. Kompyuta inatuma herufi moja au chache (kila mtengenezaji ana zake, kitabu cha mizani kinasema), mizani inajibu mstari mmoja. Kwa upande wa programu nilimwomba kijana anayeiandika afanye yafuatayo, na hakuyapenda yote. Kabla ya kuuliza, atupe chochote kilichobaki kwenye foleni. Akishauliza, asubiri sekunde moja, isizidi. Asikubali mstari mpaka aone zile herufi mbili za mwisho, 13 na 10, kwa sababu TCP haijali sentensi inaishia wapi: inaweza kukuletea “ST,GS,+00” sasa na “48.60kg” baadaye kidogo, na programu yenye haraka ikasoma nusu. Akatae mstari wenye US. Na jibu likikosekana, akate muunganisho kabisa na kufungua mpya, la sivyo jibu lililochelewa litakuja kujibu swali la kreti inayofuata. Karani aone maandishi mekundu MIZANI HAIJAJIBU, asione namba ya zamani. Kijana alisema hiyo ya kukata muunganisho ni kutesa mtandao. Nikamwambia mtandao hauumii.

Kuna kikwazo kimoja pia: visanduku vingi, bila kuambiwa vinginevyo, vinakubali mgeni mmoja tu kwa wakati. Kompyuta ikizimika ghafla bila kuaga, kisanduku kinaendelea kudhani mgeni yupo, na kompyuta ikiamka inakataliwa mlangoni. Watu huzima na kuwasha kisanduku, inafanya kazi, wanasema kimerogwa. Tafuta mpangilio wa kukagua kama muunganisho uko hai na uupunguze uwe dakika moja.

Mzee mmoja anayeleta samaki kutoka visiwani, alipoona antena, alinivuta pembeni. “Kaka, namba zikipita hewani si mtu anaweza kuzichezea?” Sikumbeza. Kati ya kisanduku na ruta maneno yanafichwa na WPA2, ulinzi wa waifai, lakini akishaingia mtu kwenye mtandao wa ndani, poti ya kisanduku kwa kawaida haimuulizi nenosiri. Yeyote anaweza kuungana. Kwa hiyo mizani ina waifai yake peke yake, ambayo simu za wafanyakazi haziingii, na kisanduku kimeelekezwa kukubali anwani ya kompyuta moja. Nenosiri la kiwandani limebadilishwa. Hakuna poti iliyofunguliwa kwenda intaneti, hata kama mwenye mali anataka kuona kilo akiwa Dar. Ataziona kwenye ripoti. Mwezi Desemba 2015 walioshambulia gridi ya umeme ya Ukraine waliharibu programu ya ndani ya visanduku vya jamii hiihii kwenye vituo vya umeme, vikashindwa kupokea amri kutoka mbali, na mafundi wakalazimika kwenda kuwasha swichi kwa mikono. Wateja wapatao 225,000 walikuwa gizani. Kiwanda cha samaki si gridi ya taifa, ila kisanduku ni kilekile.

Mwenye mali alipoona jukwaa limetulia akataka na mizani ndogo ya mabondo (vibofu vya samaki) ifungwe vivyo hivyo, ile ya chumba cha ndani ambako kila gramu ina bei yake na watu wanashikilia pumzi wakati namba inatulia. Nikaenda kuitazama. Ipo mita mbili kutoka kwenye kompyuta, juu ya meza moja, umeme wao unatoka kwenye soketi moja. Nikamchomekea adapta ya USB yenye chipu halisi na waya mfupi, nikaufunga kwa kibanio ukutani, nikamwandikia bili ya hiyo tu.